Maswali na Majibu: Biashara na TEHAMA katika shahada moja

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya EGM: Jiografia C, Uchumi D, Hesabu S. Nataka shahada inayochanganya biashara na TEHAMA, na nyumbani wangependa nisome Mbeya. Nina sifa? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Marahaba. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) umekivuka. Kinachotakiwa ni masomo mawili yenye ufaulu wa E kwenda juu, jumla pointi 4. C ni 3, D ni 2, kwa hiyo una 5. S ya Hesabu haiingii kwenye hayo mawili. Wengi hukwama hapa: wanajumlisha pointi, wanaridhika, kumbe kila programu ina masharti yake juu ya masomo inayoyakubali, na Hesabu inazitaka za kidato gani na kwa alama ipi. Fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu na usome masharti ya programu unayoitaka mpaka nukta ya mwisho.

Kisha tazama kampasi. Mzumbe wana ndaki Mbeya, lakini shahada kufundishwa kampasi kuu ya Morogoro hakuna maana kwamba na Mbeya ipo. Angalia pia MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), na kampasi za Mbeya za CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) na TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania). Majina ya shahada yanachanganya, hivyo omba orodha ya masomo ya miaka yote. Ukikuta uhasibu, kanzidata, uandishi wa programu na uchambuzi wa mifumo vyote vimo, umefika. Ukiona kompyuta ni somo moja la mwaka wa kwanza, hiyo ni shahada ya biashara tu.

Hesabu ikikuzuia, pita stashahada. Utahitaji GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kuomba shahada. Na kama utaomba mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, usisubiri dirisha lifunguliwe.

SWALI: Ninunue kompyuta mpakato gani? Fedha si nyingi. (Msomaji, Makambako)

JIBU: Iliyotumika inatosha, mradi iwe na RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Kabla ya kulipa, izime na uiwashe mwenyewe: ikidai nenosiri kabla ya Windows kufunguka, iache dukani. Ichomoe kwenye umeme uitumie nusu saa. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, betri ndiyo itakayokuokoa.

SWALI: Niko mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni mfumo wa stoo ya viazi Uyole. Programu inafanya kazi, ila faida inayoonyesha mwenye stoo anaikataa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Mwamini mwenye stoo kwanza. Mara nyingi kosa huwa kwenye uhasibu, si kwenye programu.

Anza na gharama ya mzigo. Tuseme alinunua kilo 1,000 kwa shilingi 600 kila kilo, kisha kilo 500 kwa shilingi 900. Ukichukua katikati ya 600 na 900 unapata 750, na ni makosa. Jumla alitoa 1,050,000 kwa kilo 1,500, yaani 700 kwa kilo. Akiuza kilo 800, gharama yake ni 560,000. Mfumo wako utaandika 600,000, na faida ya 40,000 imepotea bila mtu kuiba.

Pili, gunia si kipimo. Gunia la lumbesa (lililojazwa kupita kiasi) na gunia la kawaida haviwezi kuwa namba moja kwenye jedwali. Pima, hifadhi kilo, na idadi ya magunia iwe maelezo tu. Viazi pia hunyauka na kuoza, kwa hiyo weka aina ya muamala iitwayo upungufu, yenye tarehe na sababu. Bila hiyo stoo ya kwenye kioo itakuwa imejaa kuliko ile ya Uyole.

Tatu, usihifadhi salio kama namba inayobadilishwa kila mauzo. Hifadhi miamala, salio likokotolewe. Muamala uliokosewa usifutwe. Andika mwingine wa kuurekebisha, kama mhasibu afanyavyo kwenye daftari. Kitufe cha kufuta kinaharibu ushahidi, na msimamizi mzuri wa mradi atakiuliza.

Fedha ziandikwe kwa namba kamili, si za floti (zenye desimali), maana kompyuta haiwezi kuishika 0.1 sawasawa na makosa madogo hujikusanya. Tumia biti 64: biti 32 zinakomea 2,147,483,647, na jumla za stoo kubwa zinaweza kuvuka hapo. Malipo ya simu yaingie na namba ya kumbukumbu isiyokubali kurudiwa, kwa sababu mtandao ukikatika karani hubonyeza mara mbili.

Sasa mwombe mwenye stoo aendelee na daftari lake wiki mbili huku mfumo ukienda sambamba. Kila jioni linganisheni. Vikitofautiana, msirekebishe jumla. Tafuteni muamala wenyewe, mmoja mmoja, mpaka uonekane.