Kulala Katika Hanok: Anza Kwa Kuuliza Habari za Sakafu

Yeyote anayepanga safari ya Korea Kusini na kutamani kulala katika hanok, yaani nyumba ya jadi ya mbao, udongo na vigae, namshauri aulize habari za sakafu kabla hajavutiwa na picha za ua na paa. Katika vyumba vingi hakuna kitanda. Mgeni hutandikiwa godoro jembamba sakafuni, na joto humpanda kutoka chini.

Mfumo huo huitwa ondol. Zamani moto ulikokwa katika jiko lililo nje ya chumba, na moshi wake ukapita katika mifereji iliyofunikwa kwa mawe bapa chini ya sakafu, hadi ukatokea kwenye dohani. Siku hizi nyumba nyingi hupitisha maji ya moto katika mabomba, lakini zipo ambazo bado huchochewa kuni, na hizo ndizo ninazozipenda, hasa wakati wa baridi. Sehemu iliyo karibu na jiko huwa na joto kuliko zote, na kwa desturi huachiwa wazee. Ukifuatana na mzazi, mpe upande huo. Wewe ambaye hujazoea, tandika mbali kidogo, maana joto linalopendeza saa tatu usiku huweza kukukausha koo kabla ya alfajiri; mimi huweka maji karibu na mto na kutundika taulo bichi chumbani.

Milango na madirisha hufunikwa kwa hanji, karatasi itokanayo na gome la mforosadi, ambayo huruhusu mwanga laini wa asubuhi lakini haizuii sauti. Kwa hiyo ongea polepole usiku, na unapoingia vua viatu, kisha ruka kizingiti bila kukikanyaga.

Kuhusu mahali, mimi naipendelea Hahoe, karibu na Andong, kijiji cha ukoo wa Ryu kilichozungukwa na mto Nakdong na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2010 pamoja na Yangdong, kijiji kingine cha jadi. Humo bado wanaishi watu, nawe unakuwa mgeni wa nyumba ya mtu, jambo linalodai adabu zaidi kuliko hoteli. Mji wa Jeonju ni rahisi zaidi kwa anayeanza: vyumba ni vingi, na hekalu la Gyeonggijeon, lililojengwa mwaka 1410, liko jirani, ingawa mchana vichochoro hujaa watu. Bukchon, jijini Seoul, ina vichochoro ambamo watalii hawaruhusiwi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 asubuhi. Ukilala humo, tembea na uthibitisho wa chumba chako.

Kabla ya kulipa, uliza pia choo kiko wapi, kwa kuwa katika baadhi ya nyumba kongwe hufikiwa kwa kuvuka ua, na mwenye maumivu ya magoti aombe chumba chenye kitanda, kwani baadhi ya wenyeji wanavyo.