Matundu kwenye nyuzi za misuli: ni ugonjwa au ni barafu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu kukonda kwa misuli ya mapaja kwa wagonjwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Tulichukua vipande vya nyama ya paja kwa sindano ya Bergström, tukavitumbukiza papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika. Chini ya hadubini, nyuzi zimejaa matundu. Sampuli za watu wenye afya, tulizopewa na maabara nyingine, hazina matundu hayo. Je, ndivyo msuli unavyojila? Na nipime nini hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Matundu hayo ni barafu, wala usiyaandike kama matokeo.

Msuli unaokonda haujitoboi. Protini zake huwekewa alama ya ubikwitini, protini ndogo inayoonyesha kipi kivunjwe, kisha hukatwakatwa vipande vidogo ndani ya proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini. Protini mbili zinazosaidia kuweka alama hiyo, MuRF1 na atrogin-1, zilitambuliwa mwaka 2001, na hadi leo ndizo wengi wetu tunaanza kuzipima. Kazi hiyo hufanyika kidogo kidogo, na uzi mzima husinyaa unene. Ukitazama utauona mwembamba, ila umejaa vizuri hadi ukingoni. Matundu ya barafu yana sura nyingine: meupe, matupu, yametapakaa kwenye kila uzi bila kuchagua, mfano wa mkate wa kumimina uliokatwa.

Yametokea wapi? Umewahi kuona tone la maji likirukaruka juu ya chuma cha chapati kilichopamba moto? Mvuke umelibeba, halikigusi chuma. Nyama yenye joto la mwili ikiingia kwenye naitrojeni ya nyuzi joto -196, naitrojeni huchemka kuizunguka na kuifunika kwa mvuke. Baridi inachelewa kupenya, maji ya ndani ya msuli yanapata muda wa kujenga fuwele kubwa, na fuwele hizo ndizo zinazochana nyuzi. Mimi mwenyewe nilipoteza hivyo sampuli za mwanzo za utafiti wangu. Hadi leo nikisikia ule mchemko namkumbuka mzee mmoja aliyepanda kitandani akihema, akakubali paja lake lichomwe. Mtu kama huyo hatuna haki ya kumharibia alichotupa.

Tumia isopentani, kimiminika kisichochemka kinapoguswa na nyama. Imimine kwenye kikombe cha chuma, kining'inize ndani ya naitrojeni, usubiri mpaka uone ukoko mweupe ukiganda chini ya kikombe. Hapo imekaribia nyuzi joto -160 na iko tayari. Kabla ya hapo, kausha kipande taratibu kwa shashi. Maji ya chumvi yakibaki juu yake nayo yataganda. Tumbukiza kwa sekunde 10 hadi 20, kisha hamishia kwenye kichupa kilichopoozwa tayari. Isopentani hushika moto upesi na huchemka kwenye nyuzi joto 28 tu, kwa hiyo fanyia kazi hiyo chini ya kofia ya kuvuta hewa, mbali na mwali wowote.

Sasa cha kupima. Kata vipande vya maikromita 10 kwenye kriostati, mashine ya kukata nyama iliyoganda, tofautisha aina za nyuzi kwa kingamwili za myosini, protini inayokaza msuli, kisha pima kipenyo kidogo kabisa cha kila uzi. Eneo la mkato hudanganya pale uzi ulipokatwa mshazari; kipenyo kidogo hakibadiliki sana. Kwenye paja la mtu mwenye afya, nyuzi za mwendo wa polepole, zile zenye maitokondria nyingi, yaani vinu vya nishati vya seli, hukaribia nusu. Kwa mgonjwa aliyezidiwa hupungua sana, na za haraka zinazochoka upesi huchukua nafasi yake. Kwenye kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, cha mgonjwa huyohuyo mambo hugeuka: nyuzi za polepole huongezeka, kwa sababu kiwambo hakipumziki hata akilala. Damu ni ileile, mapafu ni yaleyale, misuli miwili inaelekea pande tofauti. Ndiyo maana sikubali anayesema uvimbe wa mapafu (inflamesheni, si saratani) peke yake unaeleza kila kitu. Mtu anayekwepa kutembea kwa kuogopa kukosa pumzi, paja lake linakonda pia kwa kukaa.

Kwa hiyo linganisha wagonjwa wako na watu wa umri wao wanaotembea kiasi kama chao, na uandike nani anameza prednisoloni, dawa ya steroidi, maana nayo hukondesha nyuzi za haraka. Sampuli za maabara nyingine ziweke kando. Hujui ziligandishwaje, na tofauti uliyoiona inaweza kuwa ni ya mikono miwili tu.

Ulizonazo usizitupe. Kwa kupima umbo zimeharibika, lakini protini na RNA zimehifadhika, mradi hazijawahi kuyeyuka. Zisage kwa ajili ya MuRF1 na atrogin-1, na kwenye daftari, mbele ya namba ya kila kichupa, andika ziligandishwa kwa njia gani.