Ford V8 ya 1936: "Zote huchemsha" si jibu

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Columbus, Ohio. Nimepata Ford V8 ya mwaka 1936, kabrioleti ya paa la turubai, inauzwa. Tangazo linasema imekarabatiwa yote kuanzia chasi hadi rangi, na injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, "namba zinalingana". Nilipoijaribu ilikwenda vizuri, ila tulipokwama kwenye foleni ya taa ikaanza kutoa mvuke na kumwaga maji chini. Kidogo ikazima, ikagoma kuwaka hadi ilipopoa. Muuzaji akacheka, akasema hizi zote huchemsha, ndivyo zilivyoundwa. Ni kweli? Na nikague nini kabla sijatoa pesa?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Huyo muuzaji ameshika ukweli kidogo akaunyoosha mpaka ukamfaa.

Ukweli wenyewe ni huu. Injini hiyo ya V8 ilianza kuuzwa mwaka 1932, ina ujazo wa lita 3.6, na kufikia 1936 ilikuwa na nguvu za farasi 85. Valvu zake haziko kwenye silinda hedi. Zimo ndani ya bloki, upande wa ndani wa ile V inayofanywa na safu mbili za silinda. Moshi ukitoka kwenye valvu lazima ukatize bloki, upite katikati ya maji ya kupozea, ndipo uifikie ekzosi kwa nje. Tena silinda mbili za katikati kila upande zinatumia tundu moja, ndiyo maana utaona ekzosi ina matundu matatu kila upande badala ya manne. Joto ambalo kwenye injini nyingine lingeondoka na moshi, hapa linabaki kwenye maji, na rejeta ndiyo inayolibeba. Halafu pampu zake mbili za maji zimefungwa juu, mbele ya silinda hedi, zinavuta maji ambayo tayari yamepata moto. Ford wenyewe walizishusha kwenye bloki mwaka 1937 zikawa zinasukuma maji yaliyopozwa yaingie. Na kifuniko cha rejeta hakishiki presha kama cha gari la leo, kwa hiyo maji yanachemka mapema.

Pamoja na hayo yote, polisi wa Marekani walizitumia kukimbiza wezi, na watu wa kawaida walivuka nazo majangwa wakati wa kiangazi. Injini hii ikiwa nzima inapata moto kwenye foleni, lakini haimwagi maji kwenye taa moja nyekundu. Inayomwaga ina sababu, na sababu hiyo mara nyingi ndiyo kitu ambacho mkarabati aliruka kwa kuwa hakionekani kwenye picha.

Mimi ningeanza na uchafu ndani ya bloki. Bloki hizi zilikuja na mabaki ya mchanga wa kusubia chuma kiwandani na vipande vya waya kwenye njia za maji, na miaka karibu 90 ya kutu imejilundika juu yake. Kuzisafisha kunataka bloki ivuliwe kila kitu, ichemshwe kwenye dawa, kisha ichokonolewe kwa waya tundu baada ya tundu. Ni kazi chafu na hakuna atakayeisifu. Mwombe muuzaji akuruhusu, injini ikiwa baridi, ufungue koki ya rejeta na kukinga maji kidogo kwenye kikombe cheupe. Yaache yatulie. Yakiwa ya rangi ya kutu na yakaacha tope chini ya kikombe, bloki haikusafishwa, hata kama nje imepigwa rangi inayong'aa.

Kisha iwashe ipate moto, upimie rejeta joto kwa kile kipima joto cha kulenga, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa. Pitisha taratibu kutoka juu hadi chini, upande hadi upande. Joto linatakiwa kushuka polepole kadiri unavyoteremka. Ukikuta mstari wa wima ulio baridi ghafla, mirija ya hapo imeziba.

Kuna na muda wa kuwaka kwa plagi. Distribyuta ya gari hili, yaani kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, imefungwa mbele kabisa ya injini, na muda wake huwekwa kwenye mashine maalumu ikiwa imetolewa. Mafundi wengi wa leo hawana mashine hiyo. Wanairudisha kwa kukisia. Cheche zikichelewa, injini inachemsha bila kosa lolote la maji. Kwa hiyo uliza nani aliiweka, na lini.

Jambo la kutisha zaidi ni ufa. Bloki hizi hupasuka kati ya kiti cha valvu na silinda, au kuanzia kwenye matundu ya bolti. Ufa mdogo unasukuma gesi ndani ya maji. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, uangalie: mapovu yanayokuja mfululizo ni dalili mbaya. Pima kompresheni, yaani mgandamizo, wa silinda zote nane. Silinda mbili jirani zilizo chini kuliko nyingine zinakuambia tatizo liko katikati yao. Na uliza karatasi ya karakana iliyopima bloki kwa presha na kwa sumaku. Mtu aliyelipia kipimo hicho hasahau kuihifadhi risiti.

Kuzima na kugoma kuwaka hadi ipoe ni ugonjwa wa pili, usiuchanganye na wa kwanza. Ama koili, inayozalisha umeme mkali wa plagi, ambayo imekaa juu ya distribyuta karibu na moto na hufa ikipata joto halafu ikafufuka ikipoa, ama petroli inageuka mvuke kwenye bomba kabla ya kufika kwenye kabureta. Petroli ya leo hufanya hivyo upesi kuliko ya wakati ule. Kutofautisha ni rahisi: ikizima tena, toa kichujio cha hewa, sukuma mkono wa kabureta ukichungulia mdomoni. Petroli ikiruka, tafuta kwenye umeme. Pakiwa pakavu, ni mvuke. Na ukikuta vibanio vya nguo vya mbao vimebanwa kwenye bomba la petroli, mwenye gari amekuwa akihangaika na mvuke huo siku nyingi. Ni dawa ya kienyeji ya wapenzi wa Ford. Naiweka kundi moja na hirizi.

Sasa hiyo hadithi ya namba. Hapa tangazo limejikwaa lenyewe, kwa sababu Ford hawakupiga namba kwenye bloki. Namba ilipigwa juu ya kasha la giaboksi, na ile ile ikapigwa kwenye chasi, juu ya boriti ya kushoto. Kwa V8 za 1932 hadi 1936 inaanza na 18, ikifuatiwa na alama ya kistari. Hakuna namba ya kuthibitisha kwamba injini ni "ile ile", lakini ipo njia ya kujua kama siyo. Hesabu nati za silinda hedi moja. Ya 1936 ina 21. Ukihesabu 24, au ukakuta pampu za maji ziko chini kwenye bloki, hiyo ni injini ya miaka ya baadaye. Si dhambi, pengine hata inapoza vizuri zaidi, ila bei ya tangazo haistahili tena. Ikiwa kweli ni ya 1936, uliza beringi zake: mwaka huo Ford walikuwa wakihama kutoka beringi za kumwaga madini laini yaliyoyeyushwa kwenda za kuchomeka, na mafundi wa kumwaga wamebaki wachache na wana foleni ndefu.

Bodi nitaipita haraka. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe kwenye madigadi na sehemu ya chini ya milango. Inapokosa kushika, chini ya rangi kuna puti. Gari la turubai halina paa la chuma la kushikilia bodi, basi funga milango, weka jeki chini ya chasi katikati, inua kidogo, uangalie upenyo wa mlango. Ukibadilika sana, bodi imelegea. Shusha paa na kulipandisha mwenyewe, maana ndani yake kuna mbao, na mbao zilizooza hujificha chini ya turubai jipya. Kabrioleti lazima iwe na vioo vya kupandisha mlangoni. Yenye mapazia ya kufunga kwa vifungo ni rodista au fetoni, na hayo ni magari mengine yenye bei nyingine.

Breki za mwaka huo ni za fito za chuma, bila mafuta. Ford waliweka breki za mafuta mwaka 1939, wakati Chevrolet walikuwa nazo tangu 1936. Zikirekebishwa sawasawa zinasimamisha gari, lakini jaribu kwa mwendo mdogo kwenye barabara tupu, uone kama inavuta upande. Umeme ni volti 6, na chanya ndiyo inayoungwa kwenye bodi. Mwambie fundi yeyote kabla hajaigusa betri.

Hati ya umiliki iache iwe ya mwisho, ila usiiruke. Isome ukiwa umesimama kando ya gari, boneti iko wazi na tochi mkononi, ulinganishe na namba ya chasi tarakimu kwa tarakimu. Wakati mwingine hati iliandikwa kwa namba ya giaboksi, kisha giaboksi ikabadilishwa, na chasi ikabaki na namba ambayo serikali haiijui. Ukikuta hivyo, muuzaji aende kwanza kuisafisha hati kwa jina lake mwenyewe. Usimpe hata amana kabla ya hapo.