Mtoto halali mpaka saa tano usiku

SWALI: Mwanangu ana miezi 16. Tunaishi chumba na sebule. Narudi kazini saa kumi na mbili jioni, namkuta ndiyo kwanza ameamka, maana dada humlaza saa kumi ili apate kupika. Usiku anacheza mpaka saa tano. Nikimlaza kwa nguvu, analia hadi majirani wanauliza. Nifanyeje?
– Mama wa mmoja, Mbagala

JIBU: Mama, usiku wenu unaharibikia mchana. Mtoto wa umri huu hukaa macho kwa muda wa saa nne hadi tano ndipo alale usiku. Ameamka saa kumi na mbili jioni, saa mbili usingizi utoke wapi?

Anzeni asubuhi. Mwamsheni saa kumi na mbili na nusu kila siku, Jumapili pia. Dada amlishe saa sita mchana, amlaze saa sita na nusu, na ikifika saa tisa awe macho. Mboga zikatwe na mchele uchambuliwe wakati huo mtoto amelala, jioni ibaki kuinjika tu.

Usiku mambo yafuatane vilevile kila siku: chakula, kuoga, kunyonya, mswaki wenye dawa kiasi cha punje ya mchele, wimbo, chandarua. Mtoto hajui kusoma saa. Anachokijua ni kwamba baada ya beseni huja ziwa. Maji yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko. Dakika 10 zinatosha. Akianza kuyarusha na kuchekacheka, mtoe. Wimbo uwe uleule (utakuchosha wewe kabla yake).

Ila usianze na saa mbili. Anza saa ileile anayolala sasa, kisha rudisha nyuma dakika 15 kila baada ya siku mbili. Kutoka saa tano hadi saa mbili ni siku 24, msikate tamaa siku ya nne.

Mlaze akisinzia, asiwe amezama. Aliyelala mgongoni akajikuta kitandani, akishtuka hutafuta mgongo. Akilia, mwendee, mpapase, sema kidogo, taa usiwashe. Ukimrudisha sebuleni kwenye televisheni, kesho atalia zaidi. Na baba taarifa ya habari ya saa mbili aitazame kwa sauti ya chini, pazia limeshushwa.

Akikoroma kila usiku au pumzi ikikatika usingizini, hilo si la ratiba. Mpelekeni kituo cha afya.