Anakabwa usiku: jini au mume?

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu ameolewa huku Maswa, ana watoto watatu. Tangu mwaka jana halali, moyo unamwenda mbio, kichwa anasema kinawaka moto, na usiku anaamka akilia kwamba anakabwa. Akisikia lango la ua linafunguliwa, anadondosha alichoshika. Mumewe akilewa humpiga, ila siku hizi amepunguza. Mganga kasema ni jini la ukoo, anataka mbuzi wawili. Duka la dawa wanampa diazepamu, analala kidogo. Kuna dawa nzuri zaidi ya kumtuliza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Maradhi ya dada yako umeyaeleza vizuri sana, lakini mumewe umempitia kwa sentensi moja tu. Kadi za wagonjwa ninazoletewa nazo ziko hivyo hivyo: usingizi, moyo, kichwa, na anayempiga hajaandikwa.

Anayepigwa kila lango likifunguliwa, mwili wake hujifunza lango. Moyo unaanza mbio kabla hajafikiri, misuli inakaza, usingizi unakuwa wa sungura. Mbwa anabweka kwa sababu mwizi bado yuko uani, nawe unaniuliza namna ya kumfunga mbwa mdomo. Diazepamu haitibu kiwewe. Ikizoeleka, kuiacha ghafla ni hatari, kwa hiyo kama ameimeza kwa wiki nyingi, aipunguze akiwa chini ya daktari. Na mwanamke aliyelazwa na vidonge hawezi kuchukua watoto na kukimbia usiku mume akirudi amelewa.

Neno lililonishtua katika barua yako ni “anakabwa”. Kuna mama aliletwa kwangu na mkwewe, amevishwa hirizi shingoni, sauti imekwaruza. Kila nilichouliza, mkwe ndiye aliyejibu. Nikamtuma mkwe mapokezi akafuate kadi, nikamwomba mgonjwa afungue kitenge. Chini ya uzi wa hirizi palikuwa na alama za kucha, na weupe wa jicho la kushoto umevilia damu. Alikuwa ameshapelekwa kwa waganga watatu, na wote walimtibu jini linalokaba. Yeye tangu siku ya kwanza alikuwa akisema ukweli mtupu: nakabwa. Hakuna aliyemuuliza na nani.

Kwa hiyo muulize dada yako, mkiwa wawili tu, pengine njiani kwenda kisimani: mumeo amewahi kukukaba koo? Amewahi kukupiga kichwani ukapoteza fahamu? Kama ndiyo, aende hospitali, hata kama nje haonekani kitu. Mishipa ya shingo iliyoumia inaweza kumletea kiharusi siku kadhaa baadaye, na kichwa kinachowaka huenda kimeumia kweli. Tena mwanaume aliyefika kukaba koo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuua baadaye, ndiyo maana hilo “amepunguza” halinipi raha hata kidogo. Hali ikiwa mbaya, matibabu yatangulie, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ifuate.

Muulize pia kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu kauliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na ile dawa ya kuulia wadudu wa pamba iondoke ndani leo hii, ni sumu. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inatibika, kwa mazungumzo na dawa zake halali ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na hospitali ya wilaya ndiko pa kuanzia. Dawati la Jinsia la polisi au kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako waliofanyiwa ukatili husaidiwa mahali pamoja, kama kipo karibu, aende akiwa tayari yeye.

Usimwamrishe aondoke. Kipindi cha kuondoka ndicho kinachoua wengi, kwa hiyo kipangwe kimya kimya: atalala kwa nani, kitambulisho kiko wapi, kadi za kliniki za watoto, nauli. Na baba yenu muulizeni mapema atasemaje akidaiwa ng'ombe wa mahari. Nimeona wanawake wakirudishwa kwenye kipigo kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshauzwa.

Kinachonikera zaidi ya mganga ni kikao cha suluhu. Mke anakalishwa mbele ya anayempiga, anaambiwa aeleze. Akieleza, analipia usiku. Wazee wanaosema mume ana haki ya kumrudi mkewe wajue kwamba kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema wazi hakuna mwenye haki hiyo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2005 ulikuta kwamba mkoani Mbeya, kati ya kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 56 walikuwa wameshapigwa au kulazimishwa tendo naye. Hao ndio wanaozungushwa na “presha”, “mawazo” na “mashetani”, na mbuzi wanaliwa.

Ninyi mnaouza dawa vijijini, mama akija mara ya tatu kwa vidonge vya usingizi, msimhesabie vingine. Mkaribisheni pembeni, mbali na aliyemsindikiza, mumuulize kama nyumbani anakolala ni salama.