"Wapenzi" wa Juliana Spahr tuwaiteje?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninatafsiri This Connection of Everyone with Lungs, kitabu cha mashairi cha Mmarekani Juliana Spahr kilichotoka 2005, nimekwama kwenye maneno mawili tu. Watu anaozungumza nao anawaita kwa neno la "mpenzi" alilolitia wingi, "beloveds", na ile "wewe" ya Kiingereza nayo kaipachika herufi ya wingi isiyo yake, ikawa "yous". Nikiandika "wapenzi" na "ninyi", naona utamu wote umekwisha. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Ni kweli unakwisha, maana sisi wingi tunao tayari. Kiingereza sanifu humwita mtu mmoja na umati mzima kwa neno lile lile. Spahr alipolilazimisha wingi, msomaji husikia kama kosa dogo, asijue anayeambiwa ni aliyelala kando ya mshairi au ni dunia yote. "Ninyi" haina kosa lolote. Usijaribu kubuni "mawewe". Nilishamsikia mtu akilisoma mbele ya watu, ukumbi ukaangua kicheko.

Neno "wapenzi" mimi ningelibakiza. Litamke kwa sauti, usikie linavyotaka kufuatwa na "wasikilizaji". Sasa litazame shairi refu la kitabu hicho. Limegawanywa kwa tarehe, kuanzia 30 Novemba 2002 hadi 27 Machi 2003, wiki moja baada ya mabomu ya kwanza kuanguka Baghdad. Mshairi yuko Hawaii, visiwa vyenye kambi ya kijeshi ya Pearl Harbor, anafuatilia habari za vita vya Iraq vinavyonukia, huku udaku wa watu maarufu ukipita humo humo. Kisha anarudi kitandani kwa anaowapenda. Lugha yetu imekupa bure neno moja la kitandani na la studio ya redio. Spahr hakuwa nalo! "Wapendwa" achana nalo, linakupeleka kanisani. "Laazizi" ni tamu, lakini msomaji atasikia taarabu.

Yale mashaka ya mmoja au wengi yarudishe kwenye kitenzi. Andika "wapenzi, unapumua" badala ya "mnapumua". Upatanisho ukivunjika hivyo, msomaji atasita pale pale anaposita msomaji wa Kiingereza. Ila fanya mara moja au mbili kwa kila tarehe. Ukizidisha, mhariri atadhani hujui sarufi, naye atakusahihishia.

Hukuuliza kuhusu shairi la kwanza, lile lililoandikwa baada ya 11 Septemba 2001, lakini ndilo litakalokutoa jasho. Linaanza na seli za mwili, linafika kwenye nafasi iliyo kati ya mikono, linatoka hadi chumbani, mtaani, mjini, linapanda hadi tabaka za juu za hewa, halafu linarudi ndani ya mapafu. Kila hatua hubeba zote zilizotangulia, hadi sentensi inamshinda msomaji pumzi. Hapa tumia "-mo" bila kuona haya: hewa iliyomo mikononi na iliyomo chumbani na iliyomo mtaani na iliyomo mjini. Mkato usitie hata mmoja. Ule mwangwi wa "-ni" utakufanyia kazi ya vina bila wewe kutunga kina. Ukifika kwenye stratosfia, mojawapo ya zile tabaka za juu za hewa, "-ni" itagoma. Wacha igome, andika "iliyomo kwenye stratosfia". Huko juu ni kugeni hata kwa mshairi mwenyewe.

Mwishoni hewa hiyo inachanganyika na vumbi la majengo yaliyoanguka New York, na watu wote wanaivuta. Nimeona rasimu yako ina "saruji". Saruji ni ule unga wa kwenye mfuko. Kilichosagika siku ile ni zege.