Maji Yamwagika, Ukoka Wakauka

Natunza bustani ya nyumba moja Nyali, ukoka uliopandwa juu ya mchanga wa pwani. Kaskazi ya mwaka juzi iliniaibisha. Kila alfajiri nimeshika mpira wa maji, na bado vikatokea viraka vya kahawia, kimoja upana wa sinia, kingine upana wa mkeka. Mama mwenye nyumba hakupiga kelele, aliuliza tu: "Mwanangu, maji ya lori nanunua mimi. Yanakwenda wapi?"

Nikachukua panga, nikachimba kwenye kiraka muda mfupi baada ya kumwagilia. Juu chepechepe. Chini kidogo tu, vumbi.

Mizizi na majani yanayooza, pamoja na fangasi wa udongoni, huvika chembe za mchanga utando kama wa nta. Mchanga huo ukikauka sana, maji hujikunja yakawa matone, kama juu ya jani la gimbi. Mengine huteleza pembeni, mengine hupata vijia vichache yakazama moja kwa moja, mizizi ya jirani isipate kitu.

Dawa yake ni safaktanti, yaani dawa ya kufanya maji yalowanishe mchanga. Molekuli yake ina pande mbili: mmoja hushikamana na ile nta, wa pili huyavuta maji. Hapo maji hutandaa badala ya kujikunja.

Lakini usikimbilie dukani. Chota udongo mkavu wa kina mbalimbali, dondoshea tone la maji, hesabu. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5, mchanga wako unakataa maji. Likinywewa papo hapo, tafuta ubaya kwingine.

Wala usijaribu sabuni ya unga badala yake. Mimi nilijaribu kwenye pembe moja, ukoka ukaungua, na nikajilaumu mwenyewe. Nunua safaktanti iliyotengenezwa kwa ajili ya nyasi, fuata kipimo cha kwenye chupa, toboa viraka kwa uma wa bustani, nyunyiza jioni, kisha mwagilia hapo hapo ili dawa itoke majanini iteremke mizizini. Mwagilia kidogo, pumzika, rudia. Vijidudu vya udongoni huila dawa hiyo, kwa hiyo itabidi urudie kadiri chupa inavyoelekeza.

Karibu na geti, penye kifusi kilichoshindiliwa na magari, dawa haikufua dafu. Pale ni sururu tu. Kwenye viraka, nilipochimba tena wiki ya pili, unyevu ulifika kina cha kiganja, nikamwita Mama aje auguse.